MLEZI ALIYEKIMBIA
Je, huruma peke yake inatosha kumlea mtoto wa mwenzio?



Kila mwaka, mwezi wa 9 ukikaribia, watu wanafika nyumbani kwangu hapa Naviundu na swali moja. Mtoto amemaliza mwaka wa 8, sasa anaingia umanite. Achague opsiyo gani? Na mara nyingi, kabla sijafungua kinywa, mzazi amekwisha kujijibu mwenyewe: «Huyu wa kwanza ana akili ya hesabu, atafanya masomo ya sayansi. Huyu wa pili hesabu zinamshinda, tutampeleka pedagogia awe mwalimu wa watoto. Na huyu binti ni mpole, ana huruma, afanye sosiali, ataangalia watoto yatima katika kituo.»

Ndugu msomaji, sikia vizuri maneno hayo. Anayeshindwa na hesabu, tunamkabidhi watoto. Hatuwezi kumpa fundi aliyeshindwa injini ya gari letu, lakini mtoto tunampa. Na tukiulizwa mtu wa kazi ile anahitaji nini, wote tunajibu neno moja: huruma. Akiwa na huruma, inatosha.

Mimi pia nilijibu hivyo kwa miaka mingi. Leo nataka tuulizane mbele ya Mungu kama ni kweli.

MLEZI WA MEFIBOSHETHI

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, kuna habari fupi sana, mstari mmoja tu, na wengi tunaipita bila kusimama. Yonathani mwana wa Sauli alikuwa na mtoto wa miaka mitano, jina lake Mefiboshethi. Siku habari ilipofika kwamba Sauli na Yonathani wamekufa vitani, mlezi wa mtoto alimbeba akakimbia. Katika haraka yake mtoto alianguka, akalemaa miguu yote miwili. Alibaki kilema maisha yake yote.

Mlezi huyu hakuwa mtu mbaya. Wengine wangejiokoa wenyewe wakamwacha mtoto ndani ya nyumba. Yeye alimbeba, kwa hiyo huruma alikuwa nayo. Lakini aliogopa, akafanya haraka, na mikono yake haikushika vizuri. Si adui aliyemvunja mtoto miguu. Aliyemvunja ni mtu aliyempenda.

Nimefikiri sana juu ya mlezi huyo, sababu mimi mwenyewe nilikuwa yeye.

NAKIRI MBELE YENU

Ilikuwa mwaka 2016. Bibi mmoja wa ukoo wetu alinifikia na mjukuu wake, msichana wa miaka tisa. Mama ya mtoto alikuwa amekufa, baba alikuwa amekwenda kuchimba upande wa Kolwezi na hakutuma habari. Mdogo wake alikuwa mgonjwa. Walimpeleka katika chumba kimoja cha maombi, sitakitaja, na huko waliambiwa kwamba dada ndiye anayemla mdogo wake usiku. Mjomba hakutaka tena kumwona katika parsela.

Nilimpokea. Nilijiona mtu wa huruma, na ni kweli, wengine katika avenyu yetu hawakutaka hata alale kwao. Nikasema tutafunga siku tatu, mimi pamoja naye, uji kidogo tu wakati wa jioni. Siku ya pili jioni nilimketisha mbele ya watu wa nyumba nikamwuliza: «Sema ukweli, mtoto wangu, nani alikupa ulozi?» Alinyamaza. Nikauliza tena. Mara ya tatu akasema ni bibi jirani aliyempa mkate. Ndugu zangu, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa ushindi.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka 17 wakati ule, mwaka wa 5 wa umanite, opsiyo ya sosiali. Ni yeye aliyelala chumba kimoja na mtoto. Hakubishana nami. Alipitia kwa mama yake, kama inavyofaa, kisha akaja na kaye yake ya masomo mkononi. Akasema: «Papa, samahani. Usiku, kama saa nane, mtoto alikaza mwili wote, mikono ikatetemeka, akatoa povu. Ilikuwa kama dakika mbili. Asubuhi alikuwa amejikojolea, na ulimi una kidonda pembeni. Usiku uliotangulia ilikuwa vilevile. Nimeandika saa zote.» Alisoma polepole, bila kuongeza neno. Kisha akauliza: «Na Papa, ulipomwuliza jana jioni, alikuwa amekula?»

Sikumjibu.

Kesho yake tulimpeleka kwa waganga wa hospitali. Ilikuwa kifafa. Alipewa dawa ya kumeza kila siku, na mashambulio yalipungua. Mdogo wake naye alipimwa, alikuwa na malaria na damu kidogo mwilini, akatibiwa. Yule bibi jirani, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kutajwa katika avenyu nzima, nilimfuata kwake kuomba musamaha. Alinisamehe, lakini alihama mwaka uliofuata.

Mtoto yule leo amekuwa msichana mkubwa. Binti yangu anamwita Yaya, na kila siri yake anampelekea yeye. Mimi ananisalimu kwa heshima, kisha anaondoka. Sisemi hana haki.

Basi katika nyumba ile kulikuwa na watu wawili wenye huruma. Mmoja alikuwa shemasi mwenye mvi za kwanza, mwingine alikuwa mwanafunzi. Kwa nini mmoja alimwumiza mtoto na mwingine alimwokoa? Siwezi kusema kwamba binti yangu alimpenda kunishinda. Yeye alikuwa ametayarishwa. Mimi sikuwa.

MAPENDO, SHERIA, KAZI

Sisi wana wa Papa Simon Kimbangu tuna maneno matatu tuliyopewa, tunayaimba tangu utoto: Bolingo, Mibeko, Misala. Ni kusema Mapendo, Sheria na Kazi. Ona kwamba hatukupewa neno moja, tulipewa matatu, na mapendo yanatangulia lakini hayatembei peke yake. Nadhani kijana anayetaka kazi ya watoto apimwe kwa maneno hayo yote matatu.

Kwanza, MAPENDO. Bila hayo asianze. Kuna anayetafuta kituo cha watoto juu ya mshahara wa wafadhili, na kuna anayetafuta watoto kwa nia mbaya zaidi ambayo sitaiandika hapa kwa urefu. Watu hao tuwaogope. Lakini mapendo ya kweli yanajulikana kwa subira. Mapendo yenye haraka yanataka kujiona yamefanya jambo kubwa leo. Nilipofurahi jioni ile, sikufurahi juu ya mtoto. Nilifurahi juu yangu mimi, kwamba Mungu amenitumia. Kijana, ukijikuta unafurahi hivyo mbele ya mtoto anayelia, simama.

Pili, SHERIA. Wengi wetu kanisani tunafikiri sheria ya watoto ni mambo ya wazungu. Si hivyo. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumtesa, na inataja kwa jina lake jambo la kumshitaki mtoto kwa ulozi. Kisha Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kifungu cha 160 kinasema anayemshitaki mtoto kwa ulozi ahukumiwe kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Sheria hiyohiyo iliweka korti ya watoto, na inampa asistanti sosiali kazi yake karibu na juge.

Niliposoma kifungu hicho baada ya mambo yale, mwili ulinitetemeka. Sheria ilikuwa na miaka saba tayari, na mimi shemasi sikuijua. Binti wa miaka 17 aliijua, sababu ilikuwa katika kaye yake.

Tatu, KAZI. Kulea ni kazi yenye ufundi wake, kama ualimu na uganga. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na hapa nataka kukaa kidogo, maana vijana wengi wanaingia opsiyo hii bila kujua watafundishwa nini.

Watafundishwa kutazama na kuandika. Kuandika kile jicho limeona, saa ngapi, mara ngapi, bila kuchanganya na kile moyo unachodhani. «Alikaza mwili saa nane» ni jambo lililoonwa. «Ana pepo» ni hukumu. Anayechanganya hayo mawili asipewe mtoto.

Watafundishwa kusikiliza bila kumwekea mtoto maneno kinywani. Mimi sikumwuliza mtoto kama ana ulozi. Nilimwuliza nani alimpa, ni kusema nilikuwa nimekwisha kumhukumu. Na mtoto mwenye njaa, aliyechoka, aliye peke yake kati ya watu wakubwa, atakubali kila neno ili aachwe alale. Kukubali kwake si ushuhuda, ni kilio.

Watafundishwa mwili wa mtoto: homa, kukosa chakula cha kutosha, alama za kupigwa, na kifafa chenyewe. Hata sasa katika makartie yetu kuna watoto wenye kifafa wanaokula bukari katika sahani yao peke yao, sababu watu wanasema mate yanaambukiza. Hayaambukizi. Kifafa si ugonjwa wa kupitisha kwa mwenzako, na wengi wakimeza dawa kila siku bila kuruka, wanasoma na kufanya kazi kama wengine.

Watafundishwa milango: mambo gani yanakwenda kwa hospitali, gani kwa ofisi ya mambo ya jamii ya serkali, gani kwa juge wa watoto. Watafundishwa kutunza siri ya mtoto, lakini si siri inayomwua. Na watafundishwa mwisho wa nguvu zao, kusema «hapa sijui, twende kwa anayejua.» Neno hili ni gumu kabisa kwetu sisi watu wa kanisa.

NENO GUMU KWA KANISA LETU

Najua wengine watanijibu: «Shemasi, unataka kusema ulozi haupo? Na karama ya nabii ni bure?» Sisemi hivyo, na sitaki kugombana juu ya yale yasiyoonekana. Nasema jambo lingine. Hata kama uovu upo duniani, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumchagua mdogo kuliko wote katika parsela, yatima asiye na wa kumsemea, na kuweka uovu wote juu ya kichwa chake? Mbona haangukiwi na neno hilo mtoto wa mkubwa mwenye gari? Unabii unaowaangukia maskini tu, tuupime.

Tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1921 kule Nkamba, watu waliwabeba wagonjwa wao kwa Papa Simon ili wapone. Hawakuwabeba ili wahukumiwe. Na aliwafundisha watu kutupa fetishi zao. Sasa mtu akitupa fetishi nje ya mlango, kisha akaweka woga wake wote ndani ya mtoto, amefanya fetishi mpya, na hiyo inalia na kusikia njaa.

Tukumbuke pia kwamba Papa Simon mwenyewe alikosa mama akiwa mtoto, akalelewa na Mama Kinzembo, ndugu ya mama yake. Kama ukoo ule ungesema «mtoto huyu ndiye aliyemla mama yake», leo tungekuwa wapi? Na alipokamatwa mwezi wa 9 wa mwaka 1921, aliacha wana watatu: Kisolokele aliyezaliwa 1914, Dialungana wa 1916, na Diangienda wa 1918. Mtoto wa mwisho alikuwa na miaka mitatu tu. Baba yao alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa katika gereza la mji wetu huu, Elisabethville ya wakati ule, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini! Mama Muilu Marie ndiye aliyebeba watoto na waamini pamoja, katika siri na mateso. Kanisa letu lilitoka katika mikono ya mwanamke aliyejua kulea wakati wa hatari. Basi sisi, tena hapa Lubumbashi, tuwe wa mwisho kumwumiza mtoto aliyekosa baba.

NINI TUFANYE

Kwa wazazi: msimpeleke mtoto pedagogia au sosiali kama adhabu ya kushindwa. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi ya serkali yalipofanywa bila malipo, watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani waliingia darasani, na mwalimu mmoja anajikuta na umati mbele yake. Watoto hao wanahitaji walimu wenye akili, si mabaki. Mtoto wako mwenye akili nyingi akisema «nataka kazi ya watoto», usicheke.

Kwa vijana: msiridhike na diploma na poda mnayomwagiwa kichwani siku ya matokeo. Atakayeweza aendelee. Hapa Lubumbashi tuna Institut Supérieur d'Études Sociales na Institut Supérieur Pédagogique, tena katika Universite kuna idara kubwa ya saikolojia na elimu. Na kabla ya hapo, wakati wa staji, nendeni mkaone kazi yenyewe. Ndugu zetu Wakatoliki, wana wa Don Bosco, wanapokea watoto wa barabara katika nyumba yao ya Bakanja Ville. Wengine tunawaita watoto hao shege na kuwafukuza karibu na magari yetu. Ukiona wanavyopokelewa, utajua kama moyo wako unaweza au hauwezi. Kugundua kwamba hauwezi si aibu. Aibu ni kubaki.

Kwa kanisa: tangu mapatano ya mwaka 1977, Kanisa letu linasimamia masomo pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti. Tumepewa watoto wa nchi. Naomba basi mambo mawili. Katika kila parokia awepo mtu mmoja aliyesomea mambo haya, na mtoto akiletwa na neno baya juu yake, mtu huyo asikie kwanza, na mtoto ale kwanza. Tena tusiwaombe vijana hawa kufanya kazi ya Mungu bure. Mzee mmoja aliniambia kulea mtoto kwa mshahara ni kuuza mapendo. Nilimkumbusha kitabu cha Kutoka, sura ya 2: binti Farao alipomkabidhi mwanamke yule mtoto Musa amnyonyeshe, alimwahidi mshahara. Na mwanamke yule alikuwa mama yake mwenyewe! Mshahara haukupunguza mapendo yake hata kidogo. Mlezi mwenye njaa, naye ataanza kukimbia.

DADA ALIYESIMAMA

Katika sura hiyohiyo kuna msichana. Si mama, si nabii bado, ni msichana wa umri wa vijana wetu wa umanite. Mtoto amewekwa katika kisafina kwenye majani ya mto, na dada yake amesimama mbali. Hakuruka majini, hakupiga kelele. Alisimama akitazama apate kujua litakalompata. Na binti wa mfalme alipofika, msichana hakukimbia. Alisogea, akasema neno moja la akili kwa mtu mwenye uwezo, na akajua ni nani wa kumwita.

Alitazama, akangoja, akasema, akaita anayefaa. Ndiyo kazi yote niliyowaeleza. Yule mlezi wa Mefiboshethi alikuwa na huruma kama yeye, lakini msichana huyu alisimama, na mtoto hakuanguka.

Ndugu, kila mmoja wetu ana mtoto wa mwenzie katika parsela yake au katika avenyu yake. Usiku wa leo mwangalie. Amekula? Analala wapi? Nani anamsemea? Na kama una kijana nyumbani anayetaka kuisomea kazi hii, mnunulie kaye.

Mungu wa yatima atupe mikono inayoshika vizuri. Amina.

Shemasi, Naviundu